Kabla ya kulipa kodi, uliza nani anafunga mlango

Mtu akipata kazi mbali na nyumbani, ndugu na majirani humuuliza mambo mawili: mshahara ni kiasi gani, na atakuwa anarudi lini. Mama mkwe wangu aliniuliza la tatu: “Utalala wapi?”

Kazi ilikuwa ya hesabu, kwenye ofisi ya wakala wa forodha, Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja. Nyumbani kwetu ni Morogoro. Mume wangu ni mwalimu huko, mtoto mkubwa yuko darasa la nne na mdogo hajatimiza miaka minne. Kuhama wote hatukukujadili sana, maana nyumba tumejenga wenyewe, na hesabu ya kodi ya nyumba nzima Dar es Salaam ilimaliza mazungumzo kabla chai haijapoa.

Wifi yangu wa Gongo la Mboto alisema mara moja kwamba nisihangaike, kwake kupo. Wifi yangu ni mtu mwema. Lakini wanawake wenzangu mnaelewa kulala kwa wifi siku tano za wiki. Ukitoka kazini umechoka, huwezi kupita moja kwa moja kwenda kitandani. Utashika kisu ukate mboga, utaosha vyombo, na ukinunua samaki wako kuna atakayehesabu kwamba chakula cha nyumba hakikutosha. Kisha kuna daladala, na foleni ya Barabara ya Nyerere jioni. Nilimshukuru, nikamwambia Jumapili nikipata nafasi nitakuja kumsalimia, na hadi leo tunapendana.

Baba Neema yeye alikuwa upande wa treni. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, safari ambayo kwa basi hula saa nne au zaidi imekuwa chini ya saa mbili. Kutoka stesheni hadi Lumumba natembea kwa miguu. Ikaonekana ninaweza kulala kwangu kila siku. Tukakaa na kalamu: nauli ya kawaida Sh13,000 kwenda na nyingine kurudi, kwa siku tano ni Sh130,000, kwa wiki nne ni Sh520,000. Hapo sijaweka bodaboda ya kunitoa nyumbani gizani. Na ofisi ya forodha haina saa ya kufunga inayoaminika. Meli ikishusha mzigo na mteja akiwa anapiga simu, hakuna anayejali ratiba ya treni yako. Ningefika nyumbani watoto wamelala na kuondoka wamelala. Treni tukaiachia Ijumaa na Jumapili.

Gesti zipo nyingi Kariakoo, na nyingine safi kuliko nyumba za watu. Zimejaa wafanyabiashara wa mikoani na wageni kutoka Kongo, Zambia na Comoro waliokuja kufunga mzigo. Kwa usiku tano, Sh25,000 kila usiku, ilikuwa karibu sawa na treni. Mama mkwe hakutaka hata kusikia: mke wa mtu halali gesti. Nilikumbuka kwamba mwanawe akienda kusahihisha mitihani hulala gesti hata wiki mbili na hakuna jirani anayemtungia hadithi. Nililisema hilo, kwa adabu, na halikujibiwa. Ila mimi mwenyewe gesti sikuitaka kwa sababu nyingine. Huwezi kupika uji wako, wala kuacha kanga yako ukutani. Kila Ijumaa unabeba kila kitu kama mtu aliyefukuzwa.

Basi nikamtafuta dalali. Zamani Kariakoo ilikuwa mahali pa kupanga vyumba hasa. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati na ua nyuma wenye jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine kwa wageni wa mjini. Siku hizi nyingi zimevunjwa, zimesimama ghorofa za fremu na stoo. Dalali alinieleza bila aibu kwamba mabelo ya mitumba yanalipa kuliko binadamu na hayalalamiki maji yakikatika. Chumba cha kwanza alichonionyesha kilikuwa ghorofa ya nne, kipya, choo ndani. Nikauliza majirani ni akina nani. Kulia stoo, kushoto stoo. Saa moja jioni wachukuzi wakishaondoka, ghorofa nzima ningebaki mimi na marobota.

Cha pili kilikuwa kwenye nyumba ya zamani, upande wa Gerezani. Bibi mwenye nyumba alikaa kwenye mkeka uani akichambua mchele. Kabla sijauliza bei akaniuliza mimi: nimeolewa? Mume wangu anajua niko hapa? Aje nimwone. Mlango wa mbele unafungwa saa nne, naye ndiye mwenye komeo. Dalali alinikonyeza kama kusema tuondoke, huyu mkorofi. Mimi nikabaki.

Baba Neema akaja Jumamosi iliyofuata, akaketi kwenye kigoda kidogo kuliko yeye, akaulizwa kabila, kazi, na kwa nini mkewe ndiye anayesafiri. Alijibu yote. Tukalipa miezi sita, Sh90,000 kila mwezi, na mwezi mmoja wa dalali. Luku tunachangiana, na ugomvi wa pasi ya umeme haujaisha.

Usiku wa pili tu niligundua kitu ambacho hakikuwamo kwenye hesabu zetu. Nilichelewa kazini, nikakuta bibi hajalala. Hakusema neno, alifunga komeo nyuma yangu akaenda zake. Miezi ya mwanzo, mtoto akilia kwenye simu, nilikuwa natoka kukaa uani, na daima alikuwapo mtu anayefua au kukaanga kitu.

Mwezi uliopita mwanawe alikuja na watu wawili wakapima kiwanja. Bibi anasema hauzi. Wapangaji wenzangu wanasema ameshauza. Dalali yule yule ananitembeza Ilala sasa, analalamika kwamba nina maswali mengi: bei naiuliza mwisho, kwanza nataka kujua ni nani anayefunga mlango usiku.