Mishale ya Ndovu, Bara ya Malindi

Mjomba wangu alikuwa mhunzi, na kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kuvuta mivukuto yake. Kiwanda kilikuwa chini ya mkwaju, kaskazini ya mto Sabaki, bara ya Malindi, pale ambapo mashamba yetu sisi Wagiriama yalikoma na nyika ikaanza. Majirani walimletea majembe yaliyolika na mashoka yaliyomeguka. Lakini wateja aliowawekea kigoda na kuwaagizia maji walitoka nyikani: Waata, wawindaji wa ndovu. Sisi tuliwaita Walangulo, jina wasilolipenda. Lugha yao ni jamaa ya Kioromo, maneno yao yalikuwa machache, na kila mmoja alikuwa na upinde ambao sisi watoto tulipokezana tusiweze kuuvuta hata shubiri. Wazungu waliokuja kuzipima pinde hizo waliandika kuwa kuuvuta upote kulitaka nguvu ya zaidi ya ratili 100.

Upinde wa namna hiyo haupewi mshale wowote tu. Wano jembamba la kupigia kanga au paa lingejipinda pale pale linapoachiwa, likaenda kombo, au likapasuka na kumjeruhi mpigaji. Wano la ndovu lilikuwa la mti mgumu uliokatwa mbichi, ukakaushwa polepole kivulini, ukanyooshwa juu ya makaa. Mzee mmoja wa Kiwaata alikuwa akilipasha moto, anafumba jicho moja na kulitazama kwa urefu, kisha anauma pale penye kibyongo na kulisukuma kwa kiganja. Akirudia hivyo hata jua lipinduke, hakuna aliyemharakisha. Mwishoni kulifungwa manyoya ya tumbusi kwa kano nyembamba, kwa kuwa tumbusi ana unyoya mpana na mgumu, usiolegea kwa umande.

Mshale wenyewe haukuwa kitu kimoja. Nyuma kulikuwa na wano. Mbele kulikuwa na kijiti kifupi kilichochomekwa tu, bila gundi. Na kwenye ncha ya kijiti hicho kilikaa kigumba cha mjomba. Mshale ukishaingia, wano lilidondoka, kijiti na kigumba vikabaki ndani ya mwili. Ndovu angeweza kupapasa kwa mkonga wake, lakini nje hapakuwa na kitu cha kushika. Na mwindaji aliokota wano lake, akalitia kijiti kingine.

Chuma kilikuwa misumari mikubwa ya inchi sita kutoka duka la Mhindi mjini. Mjomba aliupasha msumari hadi ukawa mwekundu, akaufinya kwa nyundo mpaka ukatoa jani dogo lenye makali pande mbili, mkia wake ukabaki mwembamba wa kuingia kwenye kijiti. Nilidhani mnyama mkubwa anataka kigumba kikubwa. Mjomba alinicheka. "Mpwa wangu, kigumba kipana kinapigana na ngozi. Hiki kinapita." Kisha aliulaza mshale uliokamilika juu ya kidole chake, katikati kabisa, na kuuacha. Kila mara uliinama upande wa chuma. Usipoinama alivua kigumba na kutafuta msumari mwingine. Uzito ulitakiwa kuwa mbele, kwani ndio unaoburura wano nyuma yake na kulinyoosha baada ya kuachiwa na upote.

Baada ya miaka mingi nilisoma kazi ya Mmarekani, Dakta Ed Ashby, aliyefanya majaribio kule Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, akipiga mishale ya kila aina kwenye miili ya wanyama wakubwa na kuchunguza imeingia kiasi gani na imekwama wapi. Alisema mshale wa kuvunja mfupa mnene usipungue gramu 42 hivi, uzito mwingi ukae mbele, wano liwe jembamba kuliko shingo ya kigumba, makali yawe safi, na kila kiungo kistahimili kishindo. Nilisoma nikitikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani. Tofauti ilikuwa moja. Ashby alitafuta mshale unaovunja mfupa; Waata waliukwepa mfupa kwa makusudi. Walilenga tumbo, nyuma ya mbavu, mahali penye ngozi nene lakini pasipo na kizuizi kingine, kwa sababu kilichoua hasa kilikuwa sumu.

Sumu haikuwa ya mjomba wala ya Waata. Ilipikwa na wazee fulani wa Kigiriama, mbali na nyumba, kutokana na mti wa msungu, ikatoka nyeusi na nzito kama lami. Ilipakwa kwenye kijiti, ikazungushiwa ukanda wa ngozi laini ya paa ili jua lisiikaushe na mkono wa mtu usiiguse. Ukanda ulifunguliwa wakati ndovu ameshaonekana. Sumu ikiwa mpya na mshale ukikaa sawa, moyo wa ndovu ulisimama kabla hajafika mbali.

Lakini mshale mzito hauruki mbali. Mwindaji aliingia chini ya upepo, akipukuta majivu kutoka kwenye kifuko kidogo ili aone hewa inaelekea wapi, mpaka akafika hatua chache kutoka kwenye tumbo lile. Waliofika karibu mno bila kuwahi kurudi nao walikuwepo, na majina yao yalitajwa kiwandani kwa sauti ya kawaida tu.

Kabla mshale haujatoka kiwandani, mwenyewe alichora alama yake kwenye kigumba: mikato miwili na nukta, au msalaba, au mistari iliyolala. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyikani. Ndovu akifia mbali, aliyemkuta alitafuta kigumba, akasoma alama, akajua pembe ni za nani. Mjomba alizijua alama hizo bila kuandika popote. Aliweza kuambiwa habari ya mzoga ulioonekana karibu na mto Galana na kusema, "Huyo ni wa fulani, mwambieni."

Mbuga ya Tsavo ilikuwa imeshatangazwa mwaka 1948, lakini kwetu mpaka wake ulikuwa maneno ya Mombasa. Ulikuja kuwa kweli mwaka 1956, ilipoanza kampeni kubwa dhidi ya ujangili iliyoongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley. Askari waliingia vijijini usiku. Galogalo Kafonde, aliyesifiwa kuliko wawindaji wote wa Kiwaata, akawa mtu wa kutafutwa. Alama zile zile zilizomaliza ugomvi wa pembe sasa zilikuwa ushahidi; mtu alioneshwa mshale na kuulizwa ni wa nani. Wateja wa mjomba walianza kuja gizani na kutaka vigumba vitupu, bila alama.

Sisemi kampeni ile haikuwa na sababu. Pembe zilikuwa zikiteremka pwani kwa wachuuzi waliowalipa Waata kidogo na kupata kingi, na mizoga ilikuwa mingi kuliko haja ya tumbo la mtu yeyote. Mwaka 1960 serikali ilianzisha mradi wa Galana, ili Waata wavune ndovu kwa ruhusa na kulipwa. Baadhi ya vijana wao waliajiriwa. Haukufika mwisho wa muongo.

Kisha uwindaji ukapigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977, na katika miaka hiyo hiyo bunduki za rashasha zikaingia Tsavo. Hazikudai mtu asogee karibu, wala risasi haikuchorwa alama ya mwenyewe. Ukame wa 1970 na 1971 ulikuwa umeshaua maelfu ya ndovu; bunduki zikaendelea na waliobaki, hata hesabu ya mwaka 1988 ikakuta zaidi kidogo ya 5,000 katika eneo lote lililokuwa na makumi ya maelfu.

Uzeeni mjomba alifua vigumba vya watalii wa Malindi: vipana, vyenye miiba mingi, vya kung'aa. Vilichomekwa kwenye mawano mepesi na kupambwa rangi. Siku moja nilimuuliza mbona hachori alama, kwa kuwa wanunuzi wangezipenda. Alinitazama kana kwamba sikuwahi kuvuta mivukuto yake. "Alama ni ya mtu anayeweza kuulizwa," alisema. "Huu utatundikwa ukutani. Nani atamuuliza nini?" Akachukua burashi, akaupaka nyekundu, akausogeza pembeni ukauke na wenzake.