Fungate Haiendwi

Bibi alipoliona daftari langu aliuliza kama ninafungua duka.

Nilikuwa nimechora safu saba, siku saba, na chini ya kila siku nimeandika: nauli, chumba, chakula, boti, dharura. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tano. Juzi yake kamati ilikaa nyuma ya duka la mjomba, na kipengele cha fungate, kilichokuwa cha kumi na nne, baada ya keki na kabla ya "mengineyo", kikapigwa mstari na mwenyekiti bila hata kuinua macho. "Hiki ni chao wenyewe," alisema mjomba. "Sisi tunaoza, hatusafirishi." Hela ikahamia kwa mpiga video. Basi daftari lile lilikuwa la watu wawili tu, mimi na mchumba wangu, ndiyo maana niliandika kwa penseli.

"Ni ya fungate, Bibi. Tunakwenda Mafia."

"Fungate ya kwenda?"

Kwa Bibi, mzaliwa wa delta ya Rufiji, fungate haiendwi, hukaliwa. Bwana na bibi harusi wanaingia ndani na mlango unafungwa siku saba. Somo anapika, analeta, anagonga, anaondoka. Bibi harusi hashiki ufagio, hasogelei jiko, hapigwi jua. "Sasa wewe, mke mwenzangu," akaniambia kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "siku ya pili uko juu ya boti unarushwa na mawimbi. Hiyo ni fungate au uvuvi?"

Mchumba wangu, Msambaa wa Lushoto, aliposimuliwa hilo alicheka kwa sababu yake. Kwao mtoto akihesabu, baada ya mtandatu huja mfungate. Ni saba tu. Sisi wa pwani tulichukua saba ya Kiarabu kwa kuhesabia vitu vyote, ile ya kale tukawaachia maharusi.

Yeye alitaka Nungwi, kama wafanyakazi wenzake wote. Sina ugomvi na Nungwi, ila Desemba bei zake hupanda kama nyanya za masika, na sikutaka kwenda kupanga foleni ya kupiga picha kwenye bembea ileile. Mafia ilikuwa na mambo mawili yaliyonivuta. Kwanza, papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Pili, unaweza kufika kwa basi na boti. Ndege kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa nusu saa na zaidi kidogo, lakini tiketi mbili zingemaliza safu tatu za daftari langu.

Kitu kilichonichukulia muda mrefu kuliko bei ni maji. Anayepanga safari ya Mafia kwa kalenda ya ukutani atakaa gatini. Nilipanga kwa mwezi. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne, kisha kila siku yanachelewa kama dakika hamsini hivi, mpaka baada ya wiki mambo yamegeuka kabisa: yanajaa saa nne. Niliandika saa za maji pembezoni mwa kila siku. Mchumba wangu, mtu wa milimani asiyejua kuogelea, alitazama zile namba akauliza kama ni za ligi.

Bibi alikubali kwa sharti moja. "Siku ya safari sihesabu. Ya kwanza ni pale mlango utakapofungwa." Akanifungia kapu: udi na chetezo, liwa, singo, jozi mbili za kanga. Asumini alizitoa tena mwenyewe, akisema hazifiki Mkuranga.

Harusi ikapita, tukaondoka Mbagala Jumatatu alfajiri. Mkuranga, kisha Bungu, halafu tukaiacha lami ya kusini na kushika barabara ya kushoto kwenda Nyamisati, mpaka mikoko ikaanza kutokea mbele kama ukuta wa kijani. Gatini palikuwa na magodoro yaliyofungwa kamba, kreti za soda, matenga ya nyanya, jogoo aliyetoa kichwa kwenye kapu na kutukagua wote. Hakuna aliyeuliza boti inaondoka saa ngapi. Mume wangu ndiye aliyeuliza.

"Maji bado," akajibiwa.

Akauliza tena baada ya nusu saa. Mama mmoja mwenye tenga akamhurumia, akamwonyesha nguzo ya gati. Ilikuwa na alama nyeusi ya tope lililolowa, kama mkono mmoja juu ya maji. "Baba, ile alama ikifunikwa ndiyo tunaondoka. Saa ya mkononi kaiweke mfukoni." Akaiweka. Tulikaa tukiangalia kaa wekundu wakiingia na kutoka kwenye mashimo yao, mmoja baada ya mwingine akifukuzwa na maji, na ilipotimia alasiri ile alama ilikuwa imepotea bila mimi kuona ilipotea lini.

Tulifika Kilindoni giza limeshaingia. Na hapo daftari langu likapata doa la kwanza. Nyumba ya wageni niliyoitumia arubuni kwa simu, jina lake nalihifadhi, ilikuwa imekigawa chumba chetu. "Walikuja watu na hela yote," akasema kijana wa mapokezi, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa. Tukapewa chumba cha uani chenye vitanda viwili vya futi mbili na nusu, na mlango usio na komeo, unaoegemezwa kwa tofali. Bibi akapiga simu.

"Mmeshafunga mlango?"

"Hauna komeo, Bibi."

"Basi bado hamjaanza."

Asubuhi dereva wa bajaji akatupeleka Utende, upande wa pili wa kisiwa, kwa mama mmoja mwenye vyumba vitatu. Njiani tulisimama kwenye kizuizi cha Hifadhi ya Bahari, ile iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, tukalipa ada ya kuingia. Mama mwenye nyumba alitupokea akiwa na pakacha la mihogo kichwani, akatuuliza kama tumekuja kikazi. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hafichui hata jina la timu yake, akajibu: "Tuko fungate."

Yule mama alitua pakacha. Alinipokonya kapu, akanipokonya na ufagio niliokuwa nimeuokota mlangoni ili nipunguze mchanga. Akatuingiza chumba cha mwisho, chenye dirisha la kuelekea baharini. "Bibi harusi hapigwi jua," akasema. Akafunga mlango yeye mwenyewe, kwa nje.

Kwenye daftari, Jumanne ilikuwa Chole. Jumatano ilikuwa kuogelea. Hatukwenda popote. Kila baada ya saa kadhaa tulisikia kugongwa mara mbili, kikohozi, kisha ndala zikiondoka. Ukifungua unakuta sinia kwenye kigoda: chai ya tangawizi na chapati za maji, mihogo ya nazi, changu wa kupaka, na usiku wa kwanza, bila maelezo yoyote, bakuli kubwa la supu ya pweza. Mume wangu aliitazama ile supu kwa muda. "Hawa watu wanapeana taarifa na Bibi?" Nilifukiza udi. Nilisoma safu zangu saba kuanzia mwanzo hadi mwisho nikagundua kwamba sikuacha hata saa moja ya kukaa. Nilikuwa nimepanga wiki ya kukimbia na mtu ambaye, kwa kweli, kwa miaka mitatu ya uchumba tulikuwa tunaonana Jumapili, tena mbele za watu.

Hata hivyo nilichungulia dirishani. Anayeitafuta Utende ya kwenye kalenda ataondoka amenuna. Saa nne na kitu asubuhi bahari ilikuwa haipo. Palikuwa na tope, mikoko, mashua zilizolala ubavu, na wanawake wakitembea mbali sana na vyuma vyao wakichokoa pweza kwenye mawe. Jioni bahari ilirudi mpaka karibu na ukuta, buluu, kama haijawahi kwenda kokote.

Alhamisi Mama alitupa ruhusa. Siku tatu zinatosha kwa watu wa mjini, alisema, na mimi sikumrekebisha kwamba zilikuwa mbili. Tulivuka kwa mashua hadi Chole, mwendo mfupi tu. Wajerumani walioichukua Mafia mwaka 1890 walikuwa na makao yao hapo kabla ya kuhamia Kilindoni, na magofu yao sasa yameshikwa na mizizi ya miti hata huwezi kujua ni ukuta unaoubeba mti au mti unaoubeba ukuta. Popo wakubwa wa matunda, jamaa ya wale wa Komoro, wananing'inia mchana kweupe wakigombana kama abiria wa daladala. Hatukukaa sana.

Papa nilikuwa nimewaweka Jumapili, lakini nahodha wa Kilindoni alisema twende Ijumaa, wavuvi wa dagaa wamewaona jana. Ndivyo wanavyotafutwa: papa potwe na mvuvi wanafuata kitoweo kilekile. Nahodha alituambia pia kwamba wanaokuja hapa wengi ni madume vijana. "Majike hatuyaoni kabisa." Mume wangu akasema basi hao nao kamati yao imewakatia bajeti.

Wa kwanza alipita chini ya boti. Niliona madoadoa kwanza, meupe juu ya mgongo wa rangi ya lami, yamepangwa kama ya kanga, na kila mmoja ana mpangilio wake ambao watafiti wanamtambulia. Niliruka. Ndani ya maji hakuna sauti. Alikuja na mdomo wazi, mpana kama mlango wa kabati, jicho lake dogo likanipitia bila kunijali, kisha ukaja ubavu, ubavu, ubavu, mpaka nikadhani hauishi, na mwisho mkia ukipigwa polepole. Nilipoinua kichwa nilimwona mume wangu majini. Alikuwa amevaa jaketi la kuelea, ameshika kamba ya boti kwa mikono miwili, kidevu juu, macho amefumba.

"Umemwona?"

"Nimemhisi," akasema. "Inatosha."

Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamejaa, tulikwenda Kua, kwenye kisiwa cha Juani. Ni mji mzima wa mawe ulioachwa, misikiti, makaburi, jumba la ghorofa lililobaki kuta, mibuyu ikiwa imejaa mahali palipokuwa vyumba. Wasakalava wa Madagaska waliuvamia mwanzoni mwa karne ya 19 na watu hawakurudi tena. Lakini kiongozi wetu hakuanza na Wasakalava. Alianza na harusi.

Watu wa Kisimani, upande wa magharibi wa Mafia, walimaliza kuunda jahazi wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha. Katikati ya sherehe wakawakamata watoto wa wageni, wakawalaza mchangani, na jahazi likapita juu yao kuingia baharini. Watu wa Kua hawakusema kitu. Walikaa miaka. Kisha wakapeleka mwaliko Kisimani: tuna harusi. Wageni wakaja wamependeza, wakaingizwa katika chumba cha chini, wakaandaliwa karamu. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, akabaki mzee akiwachangamsha wageni kwa hadithi, na huku nje mlango unajengwa kwa mawe, jiwe baada ya jiwe. Yule mzee hakutoka. Kisimani yenyewe, alimalizia, sehemu kubwa imeliwa na bahari.

Hadithi hii ina matoleo mengi, nami nimeiandika kama tulivyopewa sisi, tumesimama juani mbele ya ukuta, mume wangu akiwa ameshika chupa ya maji bila kuinywa. Kurudi kwenye boti hatukusema sana. Usiku ule Mama alipogonga mara mbili na kukohoa, mume wangu alifika mlangoni kabla ya kikohozi kwisha.

Jumapili tulikaa ndani. Safari hii hakuna aliyetufungia.

Jumatatu, kama pembezoni mwa daftari ilivyosema, maji yalikuwa ya asubuhi. Mama alitupa nazi sita, akakataa hela ya supu. Nyamisati hatukusubiri kitu, Bungu tukapata basi lililojaa, na tukaingia Mbagala adhana ya magharibi ikiisha. Nilitegemea kumkuta Bibi barazani na maswali. Barazani hapakuwa na mtu. Chumba changu cha usichana kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka jipya, asumini zimetawanywa juu ya mito, chetezo kinatoa moshi pembeni. Sinia lilikuwa limeshafunikwa kwa kawa.

"Shikamoo, Bibi," mume wangu akaita.

"Marahaba, mume wangu," sauti ikatoka jikoni. "Viatu acheni hapo. Mlango wenu ulifungwa Jumanne, leo ndiyo ya saba. Ingieni."