Trekta Chini ya Mwembe

Muhtasari wangu wa kwanza wa kikao, mwaka 1994, ulijaza kurasa 11 za fulskepu. Nilikuwa nimetoka Chuo cha Uhazili Tabora, hatimkato ya Pitman ingali moto mkononi, na fahari yangu ilikuwa kutoliacha neno la mjumbe yeyote lianguke chini. Mwenyekiti akikohoa, karibu nimwandike. Nikapiga stensili kwa taipureta, nikadurufu, vidole vikabaki vyeusi hadi Jumapili. Wajumbe walinipenda, kila mmoja alijikuta humo.

Kisha likaja suala la trekta. Chama chetu cha ushirika kilikuwa kimejadili kuliuza. Miezi 8 baadaye lilikuwa bado chini ya mwembe, linaliwa na kutu, na mnunuzi kaenda zake. Mkaguzi akaomba muhtasari. Akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Binti, mliamua nini?"

Nikamwonyesha walivyounga mkono na walivyopinga.

"Hayo nimeyaona. Nani aliambiwa aliuze, na mwisho lini?"

Mwenyekiti alimdhania katibu, katibu akamdhania mweka hazina. Mimi niliyekuwa nimeandika kila neno ndimi niliyejua kidogo kuliko wote.

Nikaanza kuchora safu tatu: azimio, mhusika, tarehe. Kurasa zikashuka hadi 3. Hotuba ndefu ikawa "wajumbe walijadili", na mzee mmoja hakunisalimia wiki nzima. Ila mjumbe aliyepinga akitaka jina lake liingie, nililiandika. Kabla ya kuvuka ajenda nilinyoosha mkono: "Mwenyekiti, naomba niwasomee azimio nilivyoliandika." Hapo ndipo ugomvi ulipoibuka, watu wakagundua kila mmoja alisikia lake. Na "yatokanayo", ambayo tulizoea kuyaruka kwa kusema yote yametekelezwa, yakawa sehemu ambayo baadhi yao waliichelewa makusudi.

Siku hizi ninaisaidia SACCOS ya mtaani. Katibu wao, kijana mchangamfu, huweka simu mezani na kurekodi kikao kizima. Juzi nikamuuliza mkopo wa dharura umepangiwa kiasi gani.

"Ngoja nisikilize tena, mama. Rekodi ni ya saa tatu tu."

Nikamchorea zile safu nyuma ya bahasha.

Trekta, kwa atakayeuliza, liliuzwa kama chuma chakavu. Azimio hilo lina jina la mhusika na tarehe.