Mtoto Aliyenyamaza

Nilipangiwa zahanati ya bonde la Kilombero mwaka 1989, nikiwa na cheti kipya cha uuguzi na kipimajoto kimoja cha zebaki nilichokitunza kama yai. Msimu wa mpunga familia zilihamia madunguni, mbali na barabara, na mtoto aliyeanza kuchemka Jumatatu alinifikia Alhamisi, amefungwa khanga tatu juu ya sweta. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumvua. "Nesi, si atapigwa na baridi?" Nikawaeleza kina mama kwamba joto la mwili hutoka kupitia ngozi, na nguo zile zinalizuia.

Kipimajoto kikisoma nyuzi 37.5 kwapani ilikuwa homa, na homa kwetu ilikuwa malaria. Hadubini hatukuwa nayo. Tulitoa klorokwini mpaka ilipoondolewa mwaka 2001 kwa kuwa vimelea vilishaizoea. Ikaja SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, kisha dawa mseto. Dawa zilibadilika, jicho langu likabaki lilelile.

Degedege ndilo lililonifundisha kwanza. Bibi mmoja alimleta mjukuu akiwa amekakamaa, macho yamegeuka juu, na akasimama mlangoni asiingie. "Usimchome, mwanangu. Mwenye degedege akichomwa sindano anakufa." Sikubishana naye. Nilimlaza mtoto ubavu, nikamzuia shangazi yake asimtie kijiko mdomoni, nikavuta diazepamu kwenye bomba dogo, kisha nikaichomoa sindano mbele ya macho ya bibi na kuiweka mezani. Dawa niliipitisha njia ya haja kubwa. Bibi aliitazama ile sindano iliyolala mezani mpaka mtoto alipolegea na kuanza kupumua vizuri. Tulimpa maji ya sukari alipozinduka, akapelekwa hospitali. Tangu siku hiyo mabibi walikuja kwangu kabla ya kwenda kwa mganga, na hilo naliona kubwa kuliko semina zote nilizohudhuria.

Polepole nikaacha kukisujudia kipimajoto. Mwenye nyuzi 39 anayenyang'anyana kikombe na dada yake hakunitisha kama mwenye 37.8 aliyelegea begani kwa mama. Niliuliza: ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Nikimwita anageuka? Kabla sijamgusa akalia, nilihesabu pumzi dakika nzima. Wa miezi sita akifika 50, niliwaza nimonia. Mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa sikumkawiza hata saa moja: rufaa siku hiyohiyo.

Lakini maumivu sikuyajua. Tulifundishwa kutibu homa, na maumivu tuliyachukulia kama kelele zake. Aliyelia sana tulimpa dawa. Aliyenyamaza tulimsifu kwa upole.

Mwaka mmoja baada ya 2010, vipimo vya haraka vilipokuwa vimefika kwetu, aliletwa mtoto wa miezi 14. Nilikuwa nimekwisha kumtibu malaria mara mbili kwa homa tu, siku vipimo vilipotuishia. Safari ya tatu nilimpima, nikasubiri: mstari mmoja. Hana malaria. Mama akaniuliza, "Sasa mbona anachemka?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa hiyo nilifanya nilichopaswa kufanya tangu mara ya kwanza. Nilikaa chini, nikamvua nguo zote, nikamtazama.

Alikuwa kimya kabisa. Mikono ameikunja kifuani, vidole vimevimba kama ndizi ndogo, na nyayo vilevile. Nilipokinyanyua kiganja hakulia. Alibana pumzi na kukunja paji la uso kama mtu mzima. Mama akasema, "Nilikwambia, nesi. Kila nikimwogesha anaikwepa mikono yangu." Kweli alikuwa ameniambia. Nilimsikia, nikaandika malaria.

Mtoto ambaye maumivu yamemzidi anaweza kuacha kulia, kwa sababu kulia nako kunautikisa mwili. Hilo sikulisoma darasani. Wazo la selimundu, ugonjwa wa damu unaoweza kuvimbisha mikono na nyayo za watoto wadogo, lilinijia palepale, na baadaye hospitali ya wilaya ilithibitisha, lakini basi la kwenda huko lilipita alfajiri tu, na usiku wote ulikuwa mbele yetu.

Nilimpima uzito: kilo 10. Parasitamoli ya miligramu 500 niliikata robo, nikaisaga kwenye kijiko na maziwa kidogo. Aspirini ilikuwapo kabatini, ila haifai kwa watoto. Tulimpa maji kila alipokubali, nikamwonyesha mama namna ya kumfunika mikono kwa kitambaa chenye uvuguvugu bila kuibana, na baada ya saa sita nikarudi na robo nyingine. Mama hakulala, mimi pia sikulala.

Alfajiri, basi likipiga honi kwa mbali, mama alikuwa akimpoza uji. Mtoto aliutazama. Akakunjua mkono wa kulia taratibu, vidole bado vimevimba, akakigusa kikombe.