Kadi Mpya, Mazabodi ya Zamani

Nilipoingia kazi ya kuediti video za harusi Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu akitaka kuongeza kadi ya picha kwenye kompyuta yake alitazama kwanza sloti. Mazabodi nyingi za wakati ule zilikuwa na sloti ya AGP, ya rangi ya kahawia, iliyoletwa na Intel mwaka 1997. Maalim aliyenifunza kazi alikuwa akiishika kadi kwa kingo zake, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akanionesha mkato ulio kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu. Mkato ukiwa karibu na bati la nyuma, kadi hiyo ni ya volti 3.3, ukiwa mbali na bati, ni ya volti 1.5. Kadi isiyopatana na umeme wa mazabodi ilikataa kuingia.

"Usiilazimishe, mwanangu," akiniambia. "Ishakujibu hiyo."

Kupatana kwa vifaa, basi, kulikuwa jambo la kuona kwa macho. Kazi yetu kubwa ilikuwa kuyasugua meno ya kadi kwa ufutio, maana hewa ya bahari na unyevu wa kuta za Mji Mkongwe haviiachi shaba salama.

Kuanzia 2004 ikaja PCI Express, na mambo yakageuka. Sloti ndefu ya x16 haikubadilika umbo tangu hapo. Kadi ya toleo la tatu, ambalo kanuni zake zilitolewa 2010, inaingia kwenye mazabodi ya toleo la kwanza na inafanya kazi, ila njia inakuwa nyembamba: takriban gigabaiti 4 kwa sekunde kila upande badala ya 16 hivi. Kwa sisi tuliokuwa tukitumia kompyuta za ofisi zilizokwishatumika nje, Dell OptiPlex na HP Compaq, hiyo ilikuwa neema. Mashine ya mtumba iliweza kupewa kadi mpya ikaendelea kula kazi.

Lakini sloti ilipoacha kukataa, ikaacha pia kutuonya. Mteja alinunua kadi kubwa, ikaingia bila tabu, feni zikazunguka, picha ikatoka. Alipoanza kurenda harusi ya binti yake, mashine ikazimika ghafla. Tulipofungua tukakuta pawa saplai ndogo ya ofisi, na kadi inayotaka umeme wa ziada kwa waya wake wenyewe. Sloti yenyewe haitoi zaidi ya wati 75. Kinachozidi hapo lazima kitoke kwenye pawa saplai.

Hesabu ya wati tulijifunza vizuri zaidi kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme wa kutoka Bara kwa sababu ya hitilafu ya waya wa chini ya bahari. Studio zilizoendelea na kazi ziliendeshwa kwa jenereta, na kila wati ilikuwa mafuta. Ndiyo maana kadi ya GTX 1050 Ti ilipotoka 2016, yenye kula wati 75 tu, ilipendwa sana na wenye mashine za zamani. Zipo aina zake zisizohitaji waya wa ziada, na nyengine fupi zinazoenea kwenye kasha jembamba.

Kisha likaja tatizo lisiloonekana kabisa: kila kitu kimeingia, umeme unatosha, na kioo cheusi. Mazabodi ya kabla ya UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani, huenda isiitambue kadi mpya inapowashwa. Dawa yake mara nyengine ni kusasisha BIOS, na hapa kwetu kazi hiyo haifanywi bila UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa moja kwa moja.

Siku hizi upya wa kadi wenyewe hautoshi. RX 6500 XT ya 2022 inatumia njia nne tu kati ya kumi na sita za sloti ya x16, kwa hiyo kwenye mazabodi ya zamani inapungua nguvu waziwazi. Tena haina sehemu ya kutengeneza faili la video, kitu ambacho mwediti anakihitaji kuliko mcheza gemu. Kadi kongwe kuliko hiyo inaweza kumfaa zaidi.

Vijana ninaowafundisha huwataka waandike mambo manne kabla mteja hajatoa pesa: wati za pawa saplai, urefu wa kasha, toleo la BIOS na kazi itakayofanywa. Ningependa wauzaji wa Darajani nao wayabandike hayo kwenye kila mashine. Kisiwani kompyuta huja kwa meli, na ikishakufa hubaki hapa hapa ikawa taka yetu. Kuipa miaka mingine mitano kwa kadi iliyochaguliwa kwa hesabu ni faida kwa mwenye mashine na kwa Unguja nzima.