Mama na binti yake waende wapi?

Shule zinapofungwa mwezi Juni, watoto wengi wa Upare waliotawanyika mijini hurejea milimani. Kwetu Bombo, wilayani Same, huo ni msimu wa baridi na ukungu. Masika yamekwisha, barabara ya kuteremkia Maore imekauka, na kila nyumba hungoja wageni wake. Mwaka 2025 likizo hiyo ilikuja pamoja na Idi el-Hajj ya mwaka 1446 Hijria, na katika nyumba yetu ilikuja na swali ambalo hatukuwahi kujiuliza kabla: mama na binti yake waende wapi kupumzika?

Aliyelileta swali hilo ni mdogo wangu wa kike, mwalimu wa sekondari huko Dodoma. Aliondoka nyumbani akiwa na umri wa miaka 14 kwenda shule ya bweni, kisha chuo, kisha kazi. Nikaha yake ilikuwa imepangwa kufungwa Mfungo Sita, na baada ya hapo angehamia Mwanza kwa mumewe. Alikuwa ameweka akiba kwa miezi 10. Akasema, "Kaka, tangu nikiwa mtoto sijakaa na mama siku tatu bila ya yeye kuinuka. Nataka nimpate kabla sijaondoka."

Anayemjua mama wa mlimani ataielewa kauli hiyo. Nyumbani mama hapumziki hata akilazimishwa. Alfajiri yuko kwa ng'ombe, asubuhi yuko kwenye tangawizi, mchana ana wageni, na jioni jungu la makande liko motoni. Binti akija likizo, mama huongeza kazi badala ya kuipunguza, kwa kuwa sasa ana mgeni anayempenda. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na hoja: ili ampate mama, ilibidi wote wawili waondoke nyumbani.

Wapo ndugu waliolisikia jambo hili wakaliona ni anasa. Lakini Qur'ani yenyewe, katika Suratul Ankabut aya ya 20, inaamrisha watu watembee katika ardhi na kutazama namna Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Na kumfanyia wema mama, ambaye Suratu Luqman aya ya 14 inataja namna alivyotubeba kwa udhaifu juu ya udhaifu, si anasa. Anasa ingekuwa kukopa. Tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba safari itakuwa ya ukubwa wa akiba iliyopo, na kwamba hakuna shilingi ya mkopo wa kausha damu itakayoingia ndani yake.

Ilibaki kuchagua mahali. Tulipomuuliza mama anataka kwenda wapi, alijibu kama wanavyojibu mama wengi: "Popote mtakaponipeleka, wanangu." Jibu hilo ni la adabu, lakini halimsaidii anayepanga safari. Mama wa kizazi chake amezoea kutanguliza matakwa ya wengine, na ukimbana aseme lake, atataja lile analodhani wewe unalitaka. Basi mdogo wangu akageuza maswali. Akamuuliza nini kinachomuumiza akiwa safarini, nini asichokipenda, na siku ngapi anaweza kuiacha nyumba bila ya moyo wake kurudi nyuma. Hapo mama alisema mengi. Magoti yanamsumbua wakati wa baridi. Ngazi hawezi. Chombo cha baharini anakiogopa. Ng'ombe wake hawezi kumwacha zaidi ya juma moja. Tukayaandika hayo kwenye karatasi, nayo ndiyo iliyotuongoza.

Chaguo la kwanza la mdogo wangu lilikuwa Unguja. Walimu wenzake walikwenda, na picha zao alizihifadhi kwenye simu. Sikumlaumu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na katika Msikiti wa Kizimkazi kuna maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Muislamu wa Afrika Mashariki kutamani kuyaona hayo ni jambo jema. Lakini Juni na Julai ni miezi ya upepo wa kusi, bahari huchafuka, na mama keshasema anaogopa chombo. Aidha ni wakati ambao wageni wa nje wanamiminika, bei zinapanda, na baadhi ya fukwe huwa na uvaaji ambao mama angetumia siku nzima akiinamisha macho.

Lushoto ilipendekezwa kwa kuwa iko karibu. Lakini Lushoto iko katika kimo cha mita 1,400 hivi, na Juni yake ni baridi kama yetu. Tungeyatoa magoti ya mama kwenye ukungu na kuyapeleka kwenye ukungu. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi nayo iko chini ya milima yetu, yenye faru weusi na uwanda ambao wageni husafiri kutoka mbali kuja kuuona. Mama alipoitajiwa alicheka mpaka akashika ubavu. "Tembo nimewaona," akasema. "Walikula mahindi ya ndugu zangu kule bondeni. Leo nilipe kiingilio nikawasalimie?"

Umra ilitajwa pia, na hapo sote tulinyamaza. Hakuna safari iliyo bora kwa mama kuliko hiyo. Hata hivyo mama mwenyewe alisema Umra isitumiwe kuifuta safari hii ndogo, wala safari hii isije ikala akiba ya Umra. Kila moja iwe na mfuko wake na nia yake. Naliona hilo kuwa neno la busara, kwa maana familia nyingi huahirisha wema mdogo walio na uwezo nao kwa kungoja wema mkubwa, na ajali ya mja haingoji.

Likazuka jambo la maharimu. Wanawake wawili wangesafiri mwendo unaozidi kilomita 80, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kauli inayojulikana ni kwamba mwanamke katika safari isiyokuwa ya faradhi huandamana na mumewe au maharimu wake. Mdogo wangu hakukaa kimya. "Kaka," akasema, "kila likizo natoka Dodoma peke yangu kuja hapa, na hakuna aliyenifuata." Swali lake ni la haki, na mabinti wengi Waislamu wanaofanya kazi mbali na kwao wanalo vifuani mwao. Nilimjibu kwamba safari ya kazi ni ya haja, na haja hukadiriwa kwa kiasi chake. Na kwamba wapo wanazuoni wa zama hizi wanaoruhusu pale njia inapokuwa na amani. Lakini hii ilikuwa safari ya mapumziko, na maharimu yupo, naye ni mtoto wa mmoja na kaka wa mwingine. Tukiwa na uwezo wa kushika lililo mbali na shaka, tunaliachia nini?

Alichokihofia hasa si hukumu. Alihofia kwamba mtu wa tatu angewavunjia faragha yao. Nikampa ahadi: nakwenda kubeba mizigo, kulipa nauli na kuuliza njia. Baada ya hapo msikitini na sokoni panatosha kunichukua mchana kutwa. Vyumba vitakuwa viwili, chao na changu. Nauli ya mtu wa tatu nitaitoa mfukoni mwangu, isile akiba yake.

Kwa karatasi ile ya mama, jibu likawa wazi: pwani yenye joto, inayofikika kwa gari, isiyokuwa na ngazi wala chombo. Nayo ni Tanga, kisha Pangani. Kutoka Bombo unateremka Maore, unapita Ndungu na Kihurio hadi Mkomazi, unaingia barabara kuu, kisha Mombo, Korogwe, Segera na Muheza.

Lakini Tanga tunaye shangazi, anakaa Ngamiani, na hapo palikuwa na mtihani mwingine. Kuunga udugu ni wajibu, na kupita mji anaokaa ndugu bila ya kulala kwake huacha jeraha. Ila shangazi yetu ni wifi yake mama. Nani asiyejua? Mwanamke mwenye heshima zake hawezi kuketi nyumbani kwa wifi yake akatazama wenzake wakipika. Angeishia jikoni kule kule tulikomkimbiza. Mama ndiye aliyetatua. Alimpigia simu mwenyewe, akamweleza ukweli wote, kwamba binti anaolewa na wanataka siku chache za peke yao, kisha akasema: usiku wa kwanza na wa mwisho ni wako, siku za kati ni za mwanangu. Shangazi aliridhika, kwa kuwa aliambiwa mapema na aliambiwa na mama mwenyewe. Tulimchukulia maharage, ndizi na tangawizi.

Nyumba ya kulala wageni kule Pangani tuliitafuta kwa simu kabla ya kuondoka. Tuliuliza mambo manne, na nayataja kwa faida ya msomaji. Je, panauzwa pombe? Je, vyumba viko chini, bila ngazi? Je, kuna choo cha kukaa, kwa ajili ya mwenye magoti? Je, msikiti uko umbali wa kutembea? Nyumba mbili za kwanza zilianguka kwenye swali la kwanza. Ya tatu ilikuwa ya kawaida sana, shuka safi na maji ya uhakika, nasi hatukutaka zaidi.

Ibada safarini nayo ina wepesi wake. Kwa kuwa hatukunuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, tuliswali kwa kupunguza na kukusanya kwa mujibu wa madhehebu yetu. Mama, ambaye kwa miaka mingi hakutoka nje ya wilaya, alishangaa kuipata rukhsa hiyo, akasema Mwenyezi Mungu amewahurumia hata wanaokwenda kupumzika.

Njiani kutoka Tanga tulisimama Tongoni, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Mama aliwasalimia wafu, akawaombea, akamwombea na marehemu baba. Pangani alikaa ukingoni mwa mto mahali unapoingia baharini, akitazama kivuko kikienda upande wa Bweni na kurudi, bila ya kukubali kukipanda. Nilimweleza kwamba mito inayoteremka upande wetu wa Upare huingia Mto Mkomazi, na Mkomazi humimina katika Mto Pangani, hivyo mvua iliyonyesha juu ya shamba lake huishia hapa. Akayatazama maji kwa muda mrefu. Asubuhi iliyofuata alikuta bahari imekupwa, akauliza imekwenda wapi, na binti yake akamweleza habari ya kujaa na kupwa kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Nikawaacha hapo, nikaenda zangu sokoni.

Waliyozungumza siku zile ni yao. Ninachoweza kusema ni kwamba nilipokuwa nikirudi kutoka Swala ya Laasiri niliwakuta chini ya mti ule ule niliowaacha baada ya Adhuhuri, mama amenyoosha miguu juu ya mkeka na binti anamkanda magoti. Sijapata kumwona mama ameketi muda mrefu namna ile.

Nikaha ilifungwa kwa tarehe yake, Alhamdulillahi, na mdogo wangu yuko Mwanza. Simu zao sasa ni ndefu kuliko zamani. Nawausia wenzangu wenye mama walio hai na dada au mabinti wanaokaribia kuolewa: msitafute kwanza mahali pazuri. Tafuteni kwanza kinachomzuia mama kuketi, kisha mchague mahali ambapo kitu hicho hakimfikii. Inawezekana pakawa mbali, inawezekana pakawa tarafa ya pili tu. Na kaka wa familia, ukiambiwa uwe maharimu, beba mizigo kisha ujue wakati wa kuondoka.

Wabillahi tawfiq.

Mwandishi ni katibu wa kamati ya msikiti, Bombo, wilayani Same.