Alikosa Nini?

Hebu tukitazame kitenzi kukosa. Kina maana mbili zinazokaa ubavu kwa ubavu: kutopata kitu, na kutenda kosa. Nilizikariri zote mbili shuleni, nikapata alama zangu, nikazisahau. Zilinirudia nilipofikisha umri wa miaka 18, huko kwetu Mabanga, Bungoma.

Nilikwenda kuomba kitambulisho nikiandamana na senge, dadake baba, ambaye ndiye aliyenilea. Nilitakiwa kuonyesha vitambulisho vya wazazi. Cha baba kilikuwepo. Mama alikuwa amefariki kabla ya kukichukua chake. Karani alizipekua karatasi zangu, akasema bila ubaya wowote: "Mama yako alikosa kitambulisho."

Senge, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni (na ninakiheshimu kuliko changu), akamkabili: "Alikosa? Alimkosea nani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Senge hasemi kitambulisho, husema kipande. Neno hilo alilipata kwa babu yake, aliyefanya kazi katika mashamba ya walowezi upande wa Kitale, kipande kikining'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kukibeba, kikiwa na alama za vidole, jina la mwajiri na ujira wake. Asiyekuwa nacho alishtakiwa. Kwa babu huyo, basi, kukosa kipande na kukosa mbele ya sheria lilikuwa jambo moja. Mfumo huo uliondolewa mwaka 1947. Kitenzi kilibaki.

Nionavyo mimi, tunakitumia kwa pupa mno. Wamakonde waliotoka Kwale kwa miguu hadi Nairobi mnamo Oktoba 2016 kudai uraia hawakuwa wamekosa vitambulisho. Walikuwa wamenyimwa kwa miongo mingi. Kunyimwa kuna mtendaji. Kukosa humwachia mzigo yule yule asiye na kitu.

Tulirudi ofisini mara tatu. Mwishowe chifu aliniandikia barua ya kunithibitisha. Senge aliposomewa aliomba neno alikosa lifutwe, iandikwe hakupewa. Chifu alisita, akalikata kwa kalamu, akaandika juu yake: hakupata.